Mtu Aliyewatazama Watazamaji

Furaha, mwanangu,

Kuna swali moja ambalo nimeishi nalo tangu ulipokuwa hujamaliza kung'oa meno ya utoto: ubaya usiotokea, mtu atajuaje kama ni yeye aliyeuzuia, au kama haukuwapo tangu mwanzo? Nimeligeuza swali hili kwa njia zote nilizofundishwa chuo kikuu, na kwa njia nyingine ambazo vita hii imenifundisha bila kuniomba ruhusa. Jibu sijalipata. Ningeweza kuendelea kuwa nalo kimya, kama nilivyozoea, lakini kesho asubuhi utapanda gari la mtu aliyelizaa swali lenyewe, nawe hujui.

Ninaandika ukiwa umekwenda kumuaga fundi Shabani. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za sabuni, wala za kunitumia salamu kwa madereva. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari ya kisa unachokijua, au tuseme unachokijua kwa namna wanavyokisimulia watu wa Rumonge: kwamba mama yako, Mwalimu, alimfichua mpelelezi ndani ya ukumbi wa sinema na kumtoa mbele ya watu wote, naye hakuonekana tena. Umekua ukikisikia hivyo, na mimi nimekaa pembeni nikinywa chai kana kwamba kinasimuliwa cha mtu mwingine. Sijapata kukirekebisha. Sehemu ya sababu ni kwamba sikuwa na hakika kama kilihitaji kurekebishwa.

Vita ilikuwa bado mpya, na watu walikuwa hawajajifunza kuiogopa kwa utaratibu. Waandaaji wa tamasha la sinema kutoka Bujumbura walitaka picha zifike mpaka ufukweni huku. Mashine ilifika imefungwa kwa magodoro. Fundi wao hakufika, kwa kuwa aliikataa barabara. Mimi niliwahi kuendesha mashine ya namna ile katika klabu ya sinema ya chuo, naye Shabani wa mtaa wa Waswahili aliijua jenereta kuliko alivyowajua shemeji zake. Ndivyo tulivyopata kazi tamashani.

Tulipewa ghala la zamani la mawese, ambalo hata kuta zake zilinukia mafuta. Maonyesho yalikuwa ya alasiri, kwa sababu jioni hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje. Kuonyesha sinema mchana ni kazi ya kutengeneza usiku kwa mikono. Tulitundika maturubai madirishani, tukaziba nyufa kwa magunia, mpaka ndani pakawa na giza zito, safi, ambalo nililionea fahari. Kisha tukafungua mlango, na hakuna aliyeingia.

Watu walisimama juani wakichungulia. Mama Zaituni, ambaye hata siku zile alikuwa akinunua samaki Magara na kuwauza sokoni kwetu, ndiye aliyetupa sababu.

"Mwalimu, hapo ndani iko giza."

"Ni sinema, Mama Zaituni. Bila giza picha haionekani."

"Sawa, picha itaonekana. Na mutu mwenye kukaa pembeni yangu, yeye ataonekana na nani?"

"Si atakuwa jirani yako tu?"

"Eh! Ndiyo hiyo nasema. Jirani! Mutu wa mbali nitamuogopea nini, hajui hata mlango wangu uko wapi."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyesogea. Shabani hakubishana nao. Alichukua kipande cha ubao wa kasha, akakichonga kabari, akaipigilia chini ya mlango wa ubavuni ili ubaki wazi kiasi cha upana wa kiganja. Mstari wa mwanga ukaingia, ukakata ukumbi katikati. Picha iliharibika, nyuso za kwenye shuka jeupe la kuonyeshea picha zikawa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno. Lakini watu waliingia. Kila mmoja alitafuta pahali ambapo angeweza kuiona mikono ya mwenzake, na walipokwisha kuiona, wakakubali kutazama mbele.

Tulikuwa na mashine moja, kwa hiyo kila bobini ya filamu ilipokwisha ilitubidi kuwasha taa wakati nikivalisha nyingine. Kule chuoni, watu walikuwa wakiutumia muda ule kujinyoosha na kupiga soga. Hapa kila kichwa kiligeuka kwanza, kuhakikisha kwamba waliokuwa kushoto wako kushoto bado, na waliokuwa kulia bado wako kulia. Hakuna aliyekuwa amepanga nani akae wapi. Majina ya pande zile sitayaandika. Unayajua, na barua hii huenda ikapita kwenye vizuizi.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kahawia, ameketi benchi la mwisho, ubavuni mwa mashine, mgongo umeegemea ukuta. Alikaa upande upande, nusu ya mwili ameipa picha kisogo, akiwatazama watu. Watu walipocheka, yeye alikuwa amekwisha kugeuka. Walipotulia, macho yake yalipita benchi hadi benchi, na midomo yake ilicheza. Alirudi siku iliyofuata, akakaa palepale. Siku ya tatu, kabla ya kuanza, nilimvuta Shabani kando ya jenereta.

"Yule wa koti la kahawia, unamjua?"

"Mutoto wa dada ya mutu mumoja wa Kigwena. Anavua na wale wa mitumbwi ya taa. Iko nini?"

"Hatazami picha."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mwalimu? Labda anapenda kuona watu wanacheka. Siku hizi mutu mwenye kucheka naye ni sinema."

Sikulipenda jibu lile. Nililiona la mtu asiyetaka matatizo, na mimi nilikuwa nimejifunza, kama wote, kwamba wasiotaka matatizo ndio huyaacha yaingie. Nilijenga hoja yangu kwa uangalifu, Furaha. Niliiona haina ufa. Mtu anayekuja kwenye sinema asiitazame amekuja kwa ajili ya kitu kingine. Humo ndani hakukuwa na kitu kingine isipokuwa watu. Basi amekuja kwa ajili ya watu. Anajifunza sura zao, na nani anakaa na nani. Na sura hizo atampelekea mtu fulani, milimani au kambini, sikujua wapi, na kutojua wapi kulifanya jambo zima lizidi kuaminika.

Bobini ya kwanza ilipokwisha nikawasha taa. Badala ya kuvalisha ya pili, nikasema kwa sauti ile ninayoitumia darasani:

"Wewe bwana wa benchi la mwisho. Unamtafuta nani humu?"

Wote waligeuka. Yeye mwenyewe alichelewa kujua kwamba ndiye anayesemeshwa.

"Simutafuti mutu, Mama. Naangalia tu."

"Picha iko mbele."

"Naiona."

"Kwa kisogo?"

Mtu mmoja akacheka, na kicheko chake kikabaki peke yake hewani mpaka akakimeza. Kisha kutoka kushoto, sauti ikapaa: "Mumuulize anahesabia nani!" Na kutoka kulia, karibu papo hapo: "Ndiyo, aseme!" Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuanze kwa pande zile mbili kusema jambo moja. Nakiri kwamba kwa nukta chache nilifurahi.

Kijana alisimama. Alipita kwenye ule mstari wa mwanga, akafika mlangoni, na mguu wake ukaigonga kabari ikachomoka. Mlango ulianza kujifunga kwa kishindo. Aliudaka kwa kiganja, akainama, akairudisha kabari mahali pake, akaikaza kwa kisigino, akatoka.

Nilidhani sasa watu watatulia. Hilo ndilo kosa ambalo elimu yangu yote haikunionyesha: nilifikiri kwamba ukimtoa mtu anayeshukiwa, shaka huondoka naye. Wao walifikiri kwa usahihi zaidi kuliko mimi. Ikiwa mpelelezi alikuwamo, basi amekwisha kutuona. Waliinuka benchi kwa benchi, bila kukimbia, kwa adabu, na mimi nikabaki nimeshika bobini ya pili mkononi, na Shabani akaenda kuizima jenereta. Tamasha halikuendelea tena Rumonge.

Na baada ya hapo, hakuna kilichotokea. Sisemi kwamba vita ilituacha, unajua haikutuacha. Lakini lile ghala halikuguswa, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba ameponzwa na kuonekana mle ndani. Watu waliniamkia kwa heshima mpya. "Umetuokoa, Mwalimu." Niliitikia. Ningesema nini? Kama kijana yule alikuwa mpelelezi, hivyo ndivyo mambo yangekuwa baada ya kumtoa: shwari. Kama hakuwa, mambo yangekuwa hivyohivyo. Dalili ni zilezile. Nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi kwamba ushahidi unaothibitisha hoja mbili zinazopingana hauthibitishi lolote, na kila nilipokuwa nikiliandika hilo ubaoni niliona koti la kahawia.

Yeye kilimpata kitu. Wavuvi wa usiku hukaa gizani ndani ya mtumbwi mmoja, taa ikiwa imeinamia maji na si nyuso zao. Hawawezi kuchukua mtu aliyekwisha kunyooshewa kidole. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtumbwi ulikuwa umejaa tu. Wiki chache baadaye nilisikia kwamba ameondoka ufukweni, na nikajiambia kwamba mpelelezi akigunduliwa huondoka. Tena nilikuwa na hoja isiyo na ufa. Jina lake sikuwahi kulijua, wala sikuliuliza.

Sasa, Bwana Venansi.

Alipokuja hapa nyumbani wiki iliyopita kukuomba kwa ajili ya kazi, nilimwona mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi, mkuu wa mashine katika tamasha la Bujumbura, anayezungumza kwa upole. Sikumtambua. Wewe ulikuwa uani ukipuliza mkaa wa chai. Aliketi kwenye kiti kilichoegemea ukuta, ingawa nilimwonyesha kile kizuri cha katikati.

"Amahoro, Mama. Mutoto wako ana mikono mizuri," alisema. "Nimemuona kwa fundi Shabani. Anaacha kitanzi cha filamu sawasawa. Wengi wanakaza, inakatika."

"Atafanya nini huko kwenu?"

"Atakaa na mimi nyuma, kwa mashine. Kitu ya kwanza, nitamufundisha asiangalie picha."

"Asitazame picha?"

"Fundi anaangalia watu, Mama. Sauti ikienda, picha ikififia, nyuso zinasema haraka kuliko mashine. Mwenye kuangalia picha anachelewa."

Alikisemea kikombe maneno hayo. Hakuniinulia macho. Ukaingia na mandazi, mkazungumza lenzi na taa, nami nikawa nasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Alipoaga alishukuru kwa murakoze, akatoka, na upepo wa ziwani ukausukuma mlango nyuma yake. Aliudaka kwa kiganja kabla haujagonga, akausindikiza taratibu mpaka ukatulia kwenye fremu. Ndipo nilipojua.

Tangu siku hiyo ninazo fikra tatu, na ninazichukia zote kwa zamu. Ya kwanza: alikuwa akinijibu. Yale aliyoyasema juu ya nyuso ni utetezi ambao sikumpa nafasi ya kuutoa, na aliubeba mpaka akaufanya kazi yake. Fikra hii ni nzuri mno, na mimi huogopa mawazo yanayonipendeza. Isitoshe, kijana wa mitumbwi ya taa angejuaje wakati ule namna fundi wa sinema anavyotazama? Huenda alijifunza baadaye, kisha akakumbuka.

Ya pili: alikuwa kile nilichosema, na tangu hapo amepata kazi inayomruhusu kuwatazama watu gizani bila mwalimu yeyote kumuuliza. Kama ningekuwa napanga kumtuma mtu kusoma nyuso za mji mzima, ningemweka wapi, ikiwa si nyuma ya mashine?

Na kwa nini wewe? Ufuo huu una vijana, kutoka Magara mpaka Nyanza-Lac, na kwa Shabani mnajifunza wengi. Alimchagua binti wa Mwalimu.

Ya tatu ni kwamba hanikumbuki. Usicheke. Hii ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi: kwamba alikuona, akapenda kazi yako, akaja kunywa chai kwa mama fulani, basi.

Nilikwenda kuwauliza wale wawili waliokuwapo. Mama Zaituni hakungoja nimalize.

"Sema mutoto anaumwa. Malaria, iko ya kila mutu, nani atakataa? Gari litaenda, watapata mwingine."

"Na Furaha mwenyewe?"

"Atalia, atanyamaza. Bora alie hapa namusikia."

Shabani alikuwa amelala chini ya jenereta, nikaona miguu yake tu ikinisikiliza. Nikamuuliza:

"Ulijua, Shabani? Kwamba ni yeye?"

"Nilimujua siku ile ameingia hapa kwangu."

"Na hukuniambia!"

"Mara ya kwanza nilikuambia kitu, ukasikia?" Akajitoa, mikono myeusi ya mafuta. "Mwalimu, mimi nakuuliza. Unaogopa atamufanya mutoto kitu, ama unaogopa atamuambia kitu?"

Nilimwambia kwamba sikuja kwake kuulizwa maswali.

"Basi umejibu," akasema, akarudi chini.

Shauri la Mama Zaituni lilikuwa tayari mdomoni mwangu jana ulipokuwa ukikunja nguo. Nilikuwa nimekwisha kuchagua hata maneno: kwamba Bwana Venansi ametuma habari, safari imeahirishwa. Ungeniamini, huna desturi ya kunishuku, na hilo silo nililokufundisha, umelitoa kwa marehemu baba yako. Sikusema. Ningekuwa nimemtoa tena mtu bila kumuuliza, na safari hii wewe ungetoka pamoja naye, kwa mlango ambao hukujua kwamba ulikuwa wazi.

Sitakuambia uache kushuku. Ningekuwa mwongo, na nimewazika wanafunzi waliokuwa wakiitika kila aliyewaita. Ninachokijua ni kidogo zaidi ya hapo. Swali nililomuuliza kijana yule nilikuwa na siku mbili nzima za kumuuliza kando ya jenereta, kwa sauti ya chini, ambapo jibu lolote lingekuwa jibu. Nililiweka mpaka taa zilipowaka. Swali likiulizwa mbele ya watu wenye hofu halingoji kujibiwa. Mwenye kuulizwa huwa amekwisha kuhukumiwa wakati anapofungua kinywa. Na kile kitanzi, ule ulegevu wa filamu unaouacha juu na chini ya lenzi, ambao Shabani alikupigia kelele mpaka ukaujua: mimi niliujua kabla yako, kwa mikono. Katika mambo ya watu nilikaza. Labda nilifanya sawa kukaza. Unaona? Hata hapa sina hakika.

Barua hii nitakupa kesho kabla ya magari ya msafara kujipanga na wanajeshi kuhesabu abiria. Uisome ungali umesimama kwenye ardhi ya Rumonge. Ukiamua kubaki, nitakwenda mimi kumwambia, na sitasingizia malaria. Ukiamua kupanda, upande ukijua unakaa karibu na nani, jambo ambalo Mama Zaituni alilidai tangu mwanzo na mimi nikaliona ushamba.

Nami nitakuwapo. Nitamsalimu. Nimejaribu kuyapanga maneno ya kumuuliza pembeni, kando ya gari, na yanakuja vizuri mpaka nifikie pale ambapo yeye anatakiwa kujibu. Hapo hukwama. Akisema "nilikuwa naangalia tu," ni jibu lilelile alilonipa zamani, na sikuliamini wakati ule. Akisema jingine, nitajiuliza kwa nini amelibadilisha. Nimeharibu kipimo changu mwenyewe, mwanangu. Ndiyo sababu swali langu limebaki bila jibu, si kwa sababu jibu halipo. Yumkini lipo, na limekaa kwenye kiti cha dereva likingoja abiria.

Wewe hukuwapo kwenye hukumu ile. Utakaa naye nyuma ya mashine siku nyingi, mkitazama nyuso zilezile, na huenda ukaja kujua bila hata kuuliza. Ukijua, usiandike. Njoo, hata kama barabara ni mbaya ungoje mpaka itulie, lakini njoo uniambie kwa mdomo wako. Na usinionee huruma kwa jinsi ya kulisema, maana kati ya majibu mawili, kwamba nilikuwa sahihi na nimekukabidhi kwake, au kwamba nilikosea na ndiye aliyekuja kuniomba wewe kwa upole, sijui hata ni lipi ninaloliogopa zaidi.

Nasikia hatua zako uani. Nakunja karatasi.

Mama yako